Mate ya vidukari: usiziamini tezi peke yake

Mwaka wangu wa kwanza kwenye haya mambo ya kutafuta protini ambazo vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza mimea, wanazitema kwenye mmea, niliyakoroga mwenyewe, kwa hiyo wewe unayeanza nisikilize kidogo.

Kidukari ana jozi mbili za tezi za mate, kubwa na ndogo. Kuzitoa ni hivi, unamweka kwenye tone la maji ya chumvi yaliyopoa kwenye barafu, koleo moja inashika kifua, nyingine inavuta kichwa polepoleee, ukibahatika tezi zinafuata nyuma ya kichwa zinang'aa kama vishanga viwili. Ukiwa na pupa unabaki na kichwa kitupu. Na ukiburuta na nyama za mwili, unachanganya na seli za Buchnera, wale bakteria wanaoishi ndani yake.

Mimi nikasoma RNA ya tezi, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi humo, nikapata orodha ndefu ya jeni, nikaanza kutamba eti zote hizi zinatemwa kwenye mmea. Wapi! Nyingi zilikuwa za ribosomu na mitokondria, kazi za ndani za seli yoyote ile. Ndo nikaanza kuchuja, kutafuta protini zenye kile kipande cha mwanzoni kinachozipeleka nje ya seli. Inasaidia ila haitoshi, zipo zenye hicho kipande na bado zinaishia kwenye utando wa seli.

Kwa hiyo kusanya na mate yenyewe. Unatandaza Parafilm mbili nyembamba, ile karatasi ya maabara ya nta na plastiki inayovutika, katikati maji ya sukari, vidukari wanatoboa na kutema humo. Andaa mamia kwa mamia maana protini ni kiduchu mno, na vaa glavu jamani, majibu yangu ya kwanza yalijaa keratini ya ngozi yangu mwenyewe, aibu tupu.

Jeni ikionekana kwenye tezi na protini yake kwenye mate, anzia hapo. Mfano mzuri ni jeni ya C002 ya kidukari wa njegere, watafiti walipoizima mwaka 2006 wadudu wakafa mapema, 2008 protini yake ikaonekana mpaka ndani ya mmea uliofyonzwa, na vidukari waliozimiwa jeni hiyo walihangaika kuufikia utomvu wa floemu, ile mishipa ya mmea inayobeba sukari.

Kitu kingine, mate ni ya aina mbili. Ya majimaji unayapata kwenye ile sukari, ila yale yanayoganda kuwa ala, yaani ganda linaloufunika mdomo wa kidukari anapotoboa, yananata kwenye Parafilm. Ukitupa hiyo karatasi, kama nilivyofanya mimi mara mbili, umeyatupa nayo.