Mtoto wa mbwa wa miezi miwili: usianze na mnyororo

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umepewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, chotara wa Jemani Shefadi na mbwa wa kienyeji, kwamba mnyororo umeshaununua, na kwamba majirani wanakushauri umfunge tangu sasa na kumtilia pilipili kwenye chakula ili awe mkali. Umeuliza pia ale nini, achanjwe lini, na utamzuiaje kujisaidia barazani na kutafuna viatu. Mimi si daktari wa mifugo. Ni mwalimu wa sekondari ninayeishi Kihonda, Morogoro, na nimefuga mbwa watano kwa muda wa miaka kumi na minane. Nitaanza na mnyororo, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, na aliyelipia kosa langu alikuwa mtoto wa dada yangu.

Mbwa wangu wa kwanza, Simba, nilimfunga chini ya mwembe akiwa na umri wa huyo wako. Alifunguliwa saa nne usiku na kufungwa tena alfajiri, hakuwahi kutoka nje ya geti, na watu aliowajua duniani walikuwa mimi, mke wangu na kijana aliyempelekea chakula. Alipofikisha mwaka mmoja alikuwa akibweka hata jani likidondoka, nasi tukajisifu kwamba tumepata mlinzi. Ikaja likizo ya Desemba, mpwa wangu wa miaka saba akapita karibu na ule mwembe akiwa ameshika kipande cha mkate, na Simba akamng'ata mkono. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nikikiita ukali kilikuwa woga: mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia, kwa hiyo akitishika hubakiwa na meno tu. Na kuhusu ulinzi wenyewe, miezi michache baada ya hapo wezi waliruka ukuta saa mbili usiku, kabla hatujamfungua, wakabeba baiskeli na mtungi wa gesi. Simba alibweka sana, lakini kwa kuwa alibweka vivyo hivyo kila siku, hakuna aliyetoka kutazama.

Niseme mara moja tulichofanya siku ile mtoto alipong'atwa, kwa kuwa wengi hukimbilia kupaka majivu au dawa ya meno. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha mtu hupelekwa hospitali siku hiyohiyo ili aanze chanjo ya kichaa cha mbwa, maana dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Simba hakuwa amechanjwa, nalo lilikuwa kosa langu la pili. Bwana mifugo aliagiza awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10, na katika siku hizo nyumbani kwetu hatukulala vizuri.

Sasa huyo wako. Kuanzia wiki ya tatu hadi takriban ya kumi na nne ya maisha yake, mtoto wa mbwa hujifunza ni vitu gani vya kawaida na vipi vya kuogopwa, na asilolizoea katika kipindi hicho humtia hofu ukubwani. Umebakiwa na wiki kama sita, kwa hiyo zitumie. Bobi, mbwa niliyemfuga baada ya Simba, nilimbeba mikononi kila jioni hadi barabarani akaona bodaboda, wanafunzi wenye sare, mama mwenye beseni la mboga kichwani, mzee mwenye mkongojo na mtu aliyefungua mwavuli, na kila alipoona kitu kipya akatulia nilimpa kipande cha nyama. Ninasisitiza kumbeba: kabla ya kumaliza chanjo zake asitembezwe ardhini mahali wanapopita mbwa wengine, kwa sababu virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Niliwahi kupoteza mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, nikaleta mwingine baada ya miezi miwili na kumweka katika banda lilelile, naye akafa kwa namna ileile. Siku hizi banda la mbwa aliyeugua nalisugua kwa sabuni kwanza, kisha nalipaka dawa ya klorini ya kutakatishia nguo, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, na hata hivyo sileti mtoto mwingine hadi awe amechanjwa kikamilifu.

Usiogope kwamba mbwa anayezoea watu hatalinda. Kubwekea wageni huja kwenyewe kadiri anavyokomaa, mara nyingi baada ya miezi sita, na kazi yako ni kumfundisha kunyamaza. Bobi akibweka nilikwenda getini kutazama, nikamwambia "basi", na akinyamaza hata kwa nukta moja nilimpa kitu. Alipokuwa mkubwa alibweka mara tatu au nne tu, kwa hiyo alipoendelea kubweka usiku tulijua kuna jambo.

Mafunzo mengine ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila yanataka subira. Chemsha mapafu ya ng'ombe, yakate vipande vidogo kama punje ya mahindi, na mfundishe dakika tano kabla ya mlo, akiwa bado ana njaa. Shika kipande juu kidogo ya pua yake na ukisogeze taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Atainua kichwa na makalio yatakaa chini yenyewe. Hapohapo sema "kaa" na umpe. Zawadi ikichelewa hata sekunde chache hajui amepewa kwa jambo gani, na hali ni hiyohiyo kwa karipio: ukirudi kazini ukakuta kiatu kimetafunwa saa mbili zilizopita, kumchapa kunamfundisha tu kwamba wewe ukirudi nyumbani ni mtu wa hatari. Neno "njoo" lilinde kama fedha. Usimwite "njoo" kisha ukampiga au ukamfunga. Na nyumba nzima itumie maneno yaleyale, kwa sababu kwetu mimi nilisema "acha", mke wangu "toka" na watoto "wewe!", na Bobi akaishi kwa kubahatisha hadi tulipokubaliana.

Kuhusu kujisaidia barazani, mpeleke mahali palepale pa nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula na kila baada ya kucheza, umsubiri, kisha umsifu hapohapo. Akikosea ndani, safisha kwa siki ili harufu isimwite tena. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kujificha nyuma ya kochi. Viatu viwekeni juu, na mpe kamba nene ya katani yenye mafundo, ambayo utaiondoa mara ikianza kuchambuka asije akameza nyuzi.

Pilipili haiongezi ukali wala haisaidii pua. Inaunguza tumbo na kumharisha. Chakula cha kawaida cha nyumbani kinatosha ikiwa kina protini: ugali wa dona na dagaa waliooshwa mchanga na kupikwa, au ugali na nyama za bei nafuu zilizochemshwa. Kwa sasa ale mara nne kwa siku kidogo kidogo, baadaye mara tatu hadi afike miezi sita, kisha mbili, na maji safi yawepo wakati wote. Ugali mtupu utamshibisha bila kumjenga. Unga wa mahindi yenye ukungu, ambao watu huuona "unafaa kwa mbwa tu", huharibu ini lake kama unavyoharibu la binadamu. Mabaki ya rosti yenye vitunguu vingi msimpe, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika kwa ncha kali. Na mkichinja mbuzi au kondoo, msimtupie mapafu na maini mabichi: humo hukaa vifuko vya tegu ambaye hukua tumboni mwa mbwa, na mayai yake yakimwingia mtu husababisha uvimbe mkubwa wa ini, maradhi ambayo Turkana nchini Kenya wanayajua vizuri mno.

Chanjo ya parvo na magonjwa mengine ya watoto wa mbwa huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya kumi na sita. Kwa hiyo nenda wiki hii. Ya kichaa cha mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata, kwa sababu karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure. Dawa ya minyoo apewe kila wiki mbili hadi miezi mitatu, kila mwezi hadi miezi sita, baadaye kila miezi mitatu, kwa kipimo cha uzito wake.

Kupe walinisumbua kwa miaka miwili kwa sababu nilimnyunyizia mbwa dawa na kuliacha banda. Kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za ukuta, kwa hiyo ziba nyufa na unyunyizie banda pia. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiichanganye kwa macho, na oili chafu ya gari, ambayo fundi yeyote atakuambia inatibu ukurutu, mbwa huilamba na kudhurika. Ukiona fizi zimepauka au mkojo umekuwa wa kahawia, mpeleke kwa daktari siku hiyo. Usimpe panadol wala diklofenaki za nyumbani.

Jambo moja hukuliuliza. Jirani yangu ni mzee wa Kiislamu anayepita getini kwetu kwenda swala ya alfajiri, na mate ya mbwa yakigusa kanzu yake humlazimu kuiosha upya. Bobi alifundishwa kukaa chini kila geti linapofunguliwa, akiwa na ukanda na kamba nyepesi, na mzee akaanza kunisalimu bila kushika upande wa pili wa barabara.

Huo mnyororo ni mzito mno kwa shingo ya miezi miwili. Wangu umefunga mtungi wa gesi jikoni hadi leo.