Gari langu, safari za kampuni: nikate nini kwenye kodi?

Swali: Habari mhasibu. Kampuni yangu ndogo, Morogoro, inafunga umeme wa jua. Mafundi na vifaa huenda Kilosa na Ifakara kwa Noah yangu, kadi iko kwa jina langu. Jioni gari ni la familia. Kaka yangu aliyeko Marekani aliandika maili zake za 2025, akazidisha kwa senti 70, akamaliza. Nami nifanye hivyo kwa kilomita?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kiwango hicho ni cha Marekani. Kwetu Tanzania, kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu kukata kwenye mapato gharama halisi, na kwa kiasi kile tu kilichotumika kuzalisha mapato ya biashara.

Hata hivyo kilomita ziandike, maana ndizo zitakazogawa gharama. Weka daftari garini: tarehe, ulikokwenda, kwa mteja gani, kilomita za kuondoka na za kurudi. Tuseme mwezi huu gari limetembea kilomita 2,000, na 1,400 ni za kazi. Hiyo ni asilimia 70. Mafuta yakiwa Sh 600,000, ya kampuni ni Sh 420,000, na kwa kodi ya asilimia 30 umeokoa Sh 126,000. Sevisi na matairi vivyo hivyo. Safari ya nyumbani kwenda ofisini usiihesabu kuwa ya kazi, na faini za trafiki hazikatwi kabisa, hata kama fundi alikuwa anawahi kwa mteja.

Risiti ndipo wengi wanapoumia. Ukifika sheli dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) yenye jina na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, kisha itoe kopi siku hiyohiyo kwa sababu wino wake hufutika, na kumbukumbu unatakiwa kuzitunza miaka mitano.

Kampuni ikurudishie fedha kwa madai yenye daftari na risiti. Usijilipe posho ya gari ya mkupuo kila mwezi. Hiyo itahesabiwa kuwa mshahara na kukatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara.

Uchakavu wa Noah, yaani kushuka kwa thamani yake, kampuni haiwezi kuudai kama gharama wakati gari ni lako. Ukilihamishia kwa kampuni litaingia daraja la 1 la uchakavu, ambalo kampuni hukata asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Lakini hapo matumizi ya familia yatakuwa faida yako ya ajira, inayotozwa kodi kufuata ukubwa wa injini na umri wa gari. Piga hesabu zote mbili kabla ya kubadilisha kadi.