sIL-2R kuwa juu si lazima iwe saratani

Hapana ndugu, usimtishe mama yako bure kwamba ana saratani eti kwa kuwa kipimo chake cha damu cha sIL-2R kimetoka juu. Kinachopimwa pale ni kipande cha kipokezi cha interlukini-2 (kemikali ambayo seli za kinga hupashana nayo habari), kiitwacho CD25. Seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, ikiamshwa huvijaza vipokezi hivi kwenye utando wake, kisha vimeng'enya huikata sehemu iliyochomoza nje, nayo huishia kuelea kwenye damu. Kwa hiyo mara nyingi namba kubwa inasema kinga ya mwili iko kazini. Haisemi inapigana na nani.

Ni kweli limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu, huipandisha namba hiyo, lakini hata kifua kikuu huipandisha, na sakoidosisi pia, ugonjwa wa vivimbe vidogo vya seli za kinga ambao si saratani. Figo zikichoka vilevile hupanda, kwa sababu ndizo zinazokisafisha kipande hicho.

Nasema hivi kwa sababu nipo maabara na majibu haya hupita mikononi mwangu. Hata kwenye HLH, ule ugonjwa hatari ambao kinga huchachamaa na kuushambulia mwili wenyewe, vigezo vya mwaka 2004 vinataka kiwango kianzie yuniti 2400 kwa mililita, na bado hicho ni kigezo kimoja kati ya 8. Kwa vigezo hivyo daktari anahitaji vitimie angalau 5, kama vile homa, bandama kuvimba na feritini (protini inayohifadhi madini ya chuma) kupanda.

Jambo moja tu: tazama kizio kilichoandikwa kando ya namba. Maabara nyingine hutoa pikogramu badala ya yuniti, na hizo hazilinganishwi hivi hivi.