Maswali yenu: Usonji, kifafa na video za kwenye simu

Siku hizi barua nyingi zinazonifikia zinaanza na maneno "Nimeona video." Nimechagua chache zinazogusa watu wengi. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, si daktari, kwa hiyo panapohitaji daktari nitamwelekeza msomaji huko.

Shikamoo mwalimu. Niko chuo, mwaka wa pili. Kila siku TikTok inaniletea video za ADHD, ile hali ya mtu kushindwa kutulia na kuzingatia jambo, na dalili zote ninazo: nasahau funguo, naahirisha kazi, siwezi kusoma kurasa mbili bila kushika simu. Je, ninayo?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Huenda unayo, huenda huna, ila si video itakayokuambia. Watafiti wa Kanada walichukua video 100 za ADHD zilizotazamwa zaidi TikTok, wakatoa matokeo yao mwaka 2022: 52 zilikuwa za kupotosha, 27 zilikuwa simulizi za watu kuhusu maisha yao, na 21 tu ndizo zilizokuwa na maelezo ya kufaa. Mara nyingi upotoshaji wenyewe ni kuchukua jambo linalompata kila mtu, kama hilo la funguo, na kuliita dalili. Nayo TikTok ikiona umeitazama moja hadi mwisho, inakumiminia nyingine za aina hiyohiyo, mpaka unahisi kila anayeongea anakusema wewe.

Daktari ana maswali ambayo hayaenei kwenye video ya sekunde 40. Dalili zilikuwepo kabla hujafikisha miaka 12? Zinajitokeza nyumbani na darasani pia, au ni kwenye somo la takwimu tu? Zimedumu miezi 6 au zaidi? Zinakuharibia maisha kiasi gani? Unalala saa ngapi? Usingizi mbovu, wasiwasi, sonona, hata upungufu wa damu, vyote hivyo humfanya mtu ashindwe kutulia na kitabu.

Usidhani nakupuuza. Wapo watu wazima, hasa wanawake, waliomaliza shule wakiitwa wavivu, na simulizi ya mtu kwenye simu ndiyo iliyowapeleka kliniki kwa mara ya kwanza. Mpigie mama, umwulize ulikuwaje darasa la pili na la tatu. Zitafute ripoti zako za shule ya msingi, usome mwalimu wa darasa aliandika nini. Nenda na hizo karatasi kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na ukifika eleza yanayokutokea badala ya kutanguliza jina la ugonjwa. Vidonge vya rafiki yako usiviguse.

Mwanangu wa kiume ana miaka minne, haongei, na akiitwa hageuki. Kliniki walitaja usonji. Kuna dada anaposti video za watoto "kabla na baada": mtoto alikuwa kimya, katumia sirapu ya mitishamba miezi mitatu, sasa anasema mama. Chupa tatu ni shilingi 180,000. Ninunue?
*Mama, Mbagala*

Usinunue, mama. Hakuna sirapu, mafuta wala kidonge kinachoondoa usonji. Usonji (autism) ni namna tofauti ya ubongo kukua, tangu mtoto akiwa tumboni. Daktari anaweza kutoa dawa kwa yanayoambatana nao, kama kifafa au kukosa usingizi, lakini haitibu usonji wenyewe.

Itazame tena hiyo video, safari hii bila sauti. Katika nyingi nilizoziona, kipande cha kwanza mtoto yuko sakafuni, kachoka, mwanga hafifu, anayerekodi amesimama mbali. Kipande cha pili ni mchana, mtoto kavaa shati jipya, kashiba, na mtu aliyekaa karibu naye anamchekea. Mwanao ukimrekodi akiwa na homa, kisha ukamrekodi kesho yake akicheza, utapata watoto wawili tofauti. Na hata kama ni kweli sasa anaongea, kati ya miaka 3 na 5 watoto wengi wenye usonji huanza kupata maneno, hasa wanapozungumzishwa kwa namna inayowafaa. Muuzaji anauchukua ukuaji wa mtoto wa mwenzake na kuukatia risiti. Waliokunywa zile chupa na hawakubadilika hawakuwekwa kwenye ukurasa wake.

Biashara hii imewahi kufika pabaya zaidi. Klorini daioksaidi, kemikali ya kung'arishia, imetangazwa kwa miaka mingi mtandaoni kuwa tiba ya usonji, na wazazi wameinywesha watoto. Agosti 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba kuinywa ni kama kunywa dawa ya kung'arisha nguo: mtu hutapika na kuharisha vibaya, shinikizo la damu hushuka, ini huweza kuharibika. Mwaka huohuo iliripotiwa kwamba wanakijiji nchini Uganda walikuwa wakigawiwa kitu hichohicho kama tiba ya malaria na UKIMWI.

Utakutana pia na wanaolaumu chanjo. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu. Jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Mtoto akipangiwa chanjo, mpeleke.

Hiyo pesa ianzie kwenye masikio. Mtoto asiyeongea na asiyegeuka akiitwa lazima apimwe usikivu kliniki ya masikio, pua na koo, hata kama usonji umeshatajwa. Tumewahi kuletewa shuleni mtoto aliyeambiwa ana usonji, kumbe hasikii. Kisha uliza mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi anapatikana wapi. Ni wachache na foleni ni ndefu, kwa hiyo usikae ukimsubiri.

Nyumbani, kaa naye sakafuni, umfuate anachokichezea. Akipanga vifuniko vya soda kwa mstari, panga naye, ukitaja polepole: chekundu, chekundu, cha kijani. Kisha shika kifuniko kimoja karibu na uso wako, unyamaze. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Akikutupia jicho au akinyoosha mkono, mpe palepale huku ukikitaja. Hapo amekuomba kitu na umemwelewa. Ni mazungumzo hayo, mama, ingawa hajatamka neno. Rudia kila siku, dakika chache tu, kabla hajachoka.

Mwalimu, kwa stage yetu ya boda jamaa alishikwa na kifafa akaanguka. Watu wakatoa simu wakarekodi, hakuna aliyemgusa kwa kuogopa povu. Video iko kwa magrupu yote. Tungefanya nini?
*Mwendeshaji boda, Nakuru*

Ndugu yangu, asante kwa kuuliza, kwa sababu jambo hili linaniumiza. Povu lile ni mate, na kifafa hakiambukizi. Ondoeni pikipiki na mawe karibu naye, mwekeeni jaketi chini ya kichwa, legezeni kola. Msimkandamize na msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mitikisiko ikipungua mlazeni ubavu ili mate yatoke. Mmoja atazame saa: ikizidi dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Akizinduka, mtu mmoja aongee naye kwa upole. Mara nyingi huwa hajui kilichompata, wakati mwingine amejikojolea, na anaamka kwenye duara la simu.

Mwambieni admin wa kila grupu aifute. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na utu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Lakini hata bila sheria, huyo jamaa anatafuta kazi na ana watu wake, na video hiyo itamtangulia kila anakokwenda.

Kurekodi kunakofaa kupo. Ndugu wa karibu akirekodi ili daktari aone mshtuko ulivyoanza, upande gani wa mwili ulitangulia na ulichukua muda gani, anamsaidia sana. Video hiyo inaishia kwa daktari.

Kuna na zile za mikutano ya maombi, mtu anaanguka, anatangazwa ametolewa pepo, anaambiwa atupe vidonge vyake. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 wana kifafa, na hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokatika, na mtu hufa. Aombewe, na vidonge aendelee navyo.

Binti yangu wa miaka 14 alianza ghafla kutikisa shingo na kupiga kelele, na alikuwa akitazama sana video za watu wenye Tourette, ile hali ya kutikisika na kutoa sauti bila hiari. Anaigiza?
*Baba, Stuttgart*

Pole, ndugu yangu. Usimwite mwigizaji. Jambo hili limejulikana sana hapohapo Ujerumani: kuanzia 2019 madaktari wa Hannover walipokea vijana wenye mitikisiko na maneno yaleyale ya kijana mmoja maarufu wa YouTube, wengine wakipayuka neno lilelile la "Pommes", yaani chipsi. Wakati wa korona kliniki za Uingereza, Kanada na Marekani nazo zikaona wasichana wengi wa rika la binti yako walioanza ghafla namna hiyo.

Tourette ya kawaida huanza utotoni, mara nyingi kati ya miaka 5 na 7, zaidi kwa wavulana, na huanza na vitu vidogo kama kupepesa macho. Matusi yanayojaa kwenye video huwapata wachache tu kati yao. Ya binti yako huenda ni ya aina nyingine, lakini hawezi kuyazuia kwa kutaka tu, na nyuma yake mara nyingi kuna hofu au msongo. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu wa watoto, mwambieni ukweli kuhusu video, azipunguze, na nyumbani msigeuke wote kumtazama kila anapotikisika. Wengi hupata nafuu.

Kuna vichekesho vya mtandaoni vinavyoigiza "taahira" akidondosha udenda. Kuna ubaya kucheka?
*Msomaji, Tanga*

Upo. Kesho yake wanafunzi wangu huigiziwa kituo cha daladala.

Nina binti wa miaka 11 mwenye usonji. Nataka kumfungulia ukurasa ili jamii ielimike. Nakosea?
*Baba, Zanzibar*

Nia yako njema, na video za familia zimesaidia wazazi wengi wasijione wako peke yao. Lakini elimu hiyo isiwe juu ya fedheha yake. Akilemewa na kelele akajitupa chini na kulia, weka simu mfukoni. Usirekodi akioga, akivuliwa nguo wala akilazimishwa kunywa dawa. Siku moja atakuwa na miaka 20, na wanafunzi wenzake wataandika jina lake kwenye simu zao.

Angalia pia pesa inakokupeleka. Mwaka 2020 wanandoa maarufu wa YouTube huko Marekani walitangaza kwamba mtoto mwenye usonji waliyemwasili kutoka China wamempeleka kwa familia nyingine, baada ya kumwonesha kwenye video zao kwa miaka. Tangu Julai 2024 jimbo la Illinois linamtaka mzazi anayelipwa kwa video za mwanawe amwekee sehemu ya mapato. Kwetu hakuna anayekulazimisha, ila unaweza kumfungulia akaunti.

Ujumbe mwingi unaweza kuusema wewe mwenyewe, uso wako ukiwa mbele: mlivyopata shule, mlivyomzoesha kelele za sokoni, daktari alivyowajibu. Yeye mrekodi kwenye jambo analolifanya vizuri na analolipenda, kisha mwoneshe kabla hujaposti. Kama haongei, atakuonesha kwa namna yake. Akiisukuma simu, ifute, usimwombe mara ya pili.