Maswali ya Wasomaji: Tanki Lisilopumua

SWALI: Nina pikapu ya zamani, Datsun 1200 ya kabureta. Nikitoka Githurai huenda vizuri, lakini kabla ya kufika Muthaiga huanza kukohoa, kisha huzima. Nikifungua kifuniko cha tanki hewa huingia kwa kishindo, na gari huwaka tena. Fundi anataka kutoboa kifuniko kwa drili. Nimruhusu?
Msomaji, Githurai

JIBU: La. Ugonjwa ameujua, dawa ndiyo mbaya. Pampu inapovuta petroli, hewa lazima iingie tankini kushika nafasi yake; isipoingia, pampu hushindwa kuvuta na kabureta hukauka. Tundu la drili litaingiza hewa, pamoja na vumbi na maji ya mvua. Tanki likijaa, kila kona petroli itamwagika ubavuni, na gari likipinduka hakuna cha kuizuia.

Anza na kifuniko. Magari mengi ya enzi hiyo yalivutia hewa hapo, kupitia vali ndogo. Kikipotea, mtu huenda kwenye vipuri vya Kirinyaga Road, Nairobi, akanunua chochote kinachofunga, hata kisicho na vali. Tafuta chenye vali. Tatizo likiisha, usiguse kingine.

Lisipoisha, chomoa waya hasi wa betri, toa gari nje, mbali na jiko na welding, tanki likiwa chini ya robo. Tafuta kijibomba cha hewa juu ya tanki. Kikiwa kimeziba kwa kutu, kizibue kwa waya laini wa shaba. Pima unene wa kijibomba, kisha nunua mpira wa petroli unaokibana sawasawa (mara nyingi milimita 6 au 8 kwa ndani) na klipu zake. Mpira wa maji hulainika na kuvimba. Paipu ya plastiki hukakamaa na kupasuka.

Pandisha mpira hadi juu kuliko shingo ya kujazia, uupinde kama mkono wa bakora, mwisho wake utazame chini nje ya bodi, mbali na ekzosi, ukiwa na filta ndogo. Usiuishie ndani ya gari: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Kwenye mpira huo weka vali ya kuzuia kumwagika gari likipinduka, na isimame wima, kwani ikilazwa huziba. Mafundi wengi hukosea hapa: huacha mpira umelegea katikati, petroli inatuama kwenye bonde hilo, na tanki linakosa hewa upya.

SWALI: Corolla yangu ya 1998 hunuka petroli kila nikijaza tanki. Naweza kutoa ule mkebe wa makaa unaonasa mvuke wa petroli?
Msomaji, Donholm

JIBU: Usiutoe. Mwambie mhudumu aache kujaza pampu ikijikata mara ya kwanza. Akiendelea hadi shingoni, petroli hufika mkebeni na kulowesha makaa, ambayo kazi yake ni kunasa mvuke tu. Mkebe uliolowa, au unaomwaga chembe nyeusi, hubadilishwa. Kagua pia mipira yake. Iliyopasuka hutoa harufu hiyohiyo, na bei yake ni ndogo mno.