Kipimo kinasoma asilimia 3: vifaa vya mvinyo wa nyumbani ninunue dukani au niagize?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza mvinyo wa rozela nyumbani hapa Morogoro, ndoo moja ya lita 20 kwa mara. Safari hii nilitumia kilo 4 za sukari, hamira na sitriki za kupima kutoka duka la jumla, pamoja na unga mweupe ambao muuzaji aliuita chakula cha hamira. Umechachuka wiki tatu, sasa umetulia na utamu umekwisha kabisa. Tatizo ni kipimo cha kioo nilichoagiza mtandaoni: nikikitumbukiza kinasoma asilimia 3 tu. Aliyeniuzia kipimo anasema hamira ya dukani haina nguvu, niagize kwake ya Ulaya. Mwenye duka naye anasema anayo dawa ya kupandisha kilevi, nitie vifuniko viwili. Nimwamini yupi? Au niachane na maduka ya hapa, niagize kila kitu?

JIBU: Dada yangu, kwanza usitie chochote ndani ya hiyo ndoo.

Mvinyo wako hauna asilimia 3. Ulichouziwa ni kipimo cha pombe kali, kilichotengenezwa kupima maji yaliyochanganyika na spiriti tupu, kama pombe iliyokwisha kukenekwa. Spiriti ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ikizidi kipimo kinazama zaidi, na mstari kinapoishia ndio asilimia. Mvinyo haukukenekwa. Una asidi, rangi, chumvichumvi, masalia ya sukari na gesi, na vyote hivyo vinakiinua kipimo juu. Ndiyo maana mvinyo mkavu wenye asilimia 12 unaweza kabisa kusoma 3 kwenye kipimo hicho, na wenye utamu kidogo ukasoma sifuri. Wauzaji wa mtandaoni wanakiandika “kipimo cha mvinyo” kwa sababu kinauzika kwa jina hilo. Wengi wao hawajawahi kukitumbukiza mahali.

Kilevi chako unaweza kukipata kwa hesabu tu. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja, zikichachuka zote, hutoa karibu asilimia 1. Kilo 4 ndani ya lita 20 ni gramu 200 kwa lita. Gawanya kwa 17 unapata 11.8. Hiyo ni ikiwa lita 20 ndio ujazo wote sukari ikiwa imeshayeyuka. Kilo moja ya sukari huongeza ujazo kwa kama lita 0.6, kwa hiyo ukianza na maji ya rozela lita 20 kamili halafu ukatia kilo 4, unapata karibu lita 22.5 na kilevi kinashuka hadi kama asilimia 10.5. Vyovyote vile, kwa kuwa utamu umekwisha, hamira yako ya dukani imefanya kazi yake yote.

Kifaa unachokihitaji ni haidromita, yaani kipimo cha uzito wa kimiminika kikilinganishwa na maji, yenye mistari ya kuanzia kama 0.990 hadi 1.120 au zaidi. Pima kabla ya kutia hamira, pima tena mvinyo ukishatulia, chukua tofauti uzidishe kwa 131. Ukianza na 1.078 ukamaliza na 0.994, tofauti ni 0.084, sawa na asilimia 11. Kikifika, kijaribu kwenye maji safi kabla ya kukiamini. Nyingi zimepimwa kwa nyuzi joto 20, na hapo maji yanatakiwa kusoma 1.000. Maji yakiwa na nyuzi 30, kama yalivyo mchana wa Morogoro au Dar es Salaam, yatasoma 0.997 au 0.998, na hilo si kosa. Kikisoma 1.006 kirudishe, maana karatasi ya ndani imeteleza. Dukani watakupa kipimo cha maziwa kutoka duka la mifugo. Mistari yake inaishia karibu 1.040, na juisi yako ya kuanzia iko mbali juu ya hapo. Cha maji ya betri usikiguse kabisa, kwa kuwa kimeshaingia kwenye asidi yenye risasi.

Sasa tuje kwenye duka na mtandao. Watu wanabishana kana kwamba dukani pana uchakavu na mtandaoni pana ubora. Kwenye ununuzi wako wauzaji wote wawili wamefanya kosa lile lile: wamekuuzia kitu bila kujua ni nini. Mimi ningekuuliza jambo moja kuhusu kila ulichonunua: nani aliifungua pakiti kabla yako?

Chukua hamira. Pakiti ya gramu 500 ya hamira ya mkate huuzwa ikiwa imefyonzwa hewa, ngumu kama tofali. Ikilegea na chembe zikacheza ndani, hewa imeingia. Ya kupima imeshachotwa kwa kijiko kilekile kilichochota baking poda, imekaa wiki kadhaa kwenye mfuko mwembamba karibu na bati la paa, tena haina tarehe. Lakini hamira ya mvinyo iliyotoka ng'ambo si lazima iwe hai zaidi. Ikikaa kwenye ubaridi wa friji, hamira kavu hupoteza nguvu kidogo sana kwa mwaka. Kwenye joto la kawaida la chumba inapoteza sehemu kubwa zaidi, na ndani ya kontena au stoo ya nyuzi 40 inakufa mapema. Wapo pia wanaofungua mifuko ya gramu 500 ya kiwandani na kugawa gramu 5 kwenye vifuko vya nailoni, halafu wanaipiga picha na kuitangaza kwenye simu. Huko nako ni kupima tu, tofauti ni kwamba umeongezewa nauli.

Ukiagiza, nunua pakiti ya kiwandani ya gramu 5 iliyofungwa, yenye jina la aina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. EC-1118 ya Lalvin, kwa mfano, inastahimili kilevi hadi asilimia 18 na joto hadi nyuzi 30. Pakiti moja inatosha lita 20. Iamshe kwenye mililita 50 za maji ya nyuzi 35 hadi 40 kwa dakika 15 hadi 20, kisha uitie kwenye juisi isiyopishana nayo kwa zaidi ya nyuzi 10. Kama uko kwenye asilimia 10 au 11, hamira ya mkate kutoka pakiti uliyoifungua mwenyewe inafika. Udhaifu wake uko kwingine: inachelewa kutulia chini, inaacha ladha ya unga, na kilevi kikipanda inachoka. Nguvu yake unaijua kwa robo saa: kijiko kidogo cha hamira, kijiko kidogo cha sukari, nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu. Dakika 15 zikipita bila povu, itupe.

Linalonikera kuliko yote ni poda nyeupe. Kwenye meza moja ya duka utakuta sitriki, sodiamu benzoeti, potasiamu sobeti na metabisalfaiti, zote nyeupe, zote kwenye vifuko visivyo na maandishi, na muuzaji anazitofautisha kwa kukumbuka ndoo ipi ilikuwa upande upi. Sitriki inageuza uchachu. Benzoeti na sobeti ni vihifadhi, na ukizitia mwanzoni zinazuia hamira kuzaliana, ndipo mtu anaandika kwamba mvinyo wake “umegoma”. Metabisalfaiti inaua vijidudu na kuzuia mvinyo usigeuke rangi. Ya potasiamu inatakiwa gramu 1.75 hivi kwa lita 20. Kijiko cha chai kilichojaa ni karibu mara tatu ya hapo, na mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Ikiwa nzima, ukipunga mkono juu ya mfuko uliofunguliwa unapata harufu kali inayochoma pua, kama ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi. Isiponuka, nguvu imekwisha.

Wewe, kwa rozela, hata sitriki hukuihitaji. Maji ya rozela yenyewe ni makali sana, pH yake (kipimo cha asidi: kadiri namba inavyoshuka, asidi inazidi) ni karibu 2.5, na hamira huanza kupata shida chini ya 3. Umeiongezea adui.

Halafu kuna hicho “chakula cha hamira”. Rozela ni maji, rangi na asidi. Naitrojeni ni kidogo mno, kwa hiyo hamira inahitaji kulishwa kweli. Chakula chake cha kawaida ni daiamonia fosfeti, DAP. Na hapa ndipo ujanja wa mtaani unapoingia, kwa sababu DAP kila mkulima anaijua, iko duka la pembejeo, na bei yake ni rahisi. “DAP ni DAP,” wanasema. Siyo. Ya mbolea inatokana na miamba ya fosfeti bila kusafishwa kwa kiwango cha chakula. Inaweza kubeba kadimiamu na metali nyingine nzito, na punje zake hupakwa mafuta au rangi ili zisigande. Mahindi hayaijali. Ini na figo zako zinaijali. Rudi dukani uombe kuonyeshwa mfuko ulikochotwa ule unga. Ukiwa ni mfuko wa mbolea, au akishindwa kukuonyesha, usiunywe mvinyo huo wala kumpa mtu. Najua ni lita 20 na wiki tatu za kazi, lakini kilichomo hakitoki kwa kuchuja wala kuchemsha.

Siku nyingine agiza DAP ya daraja la chakula: gramu 10 kwa lita 20, nusu siku moja baada ya povu kuanza na nusu sukari ikishashuka kwa theluthi. Ukiikosa, chemsha vijiko viwili vya chakula vya hamira ya mkate ndani ya kikombe cha maji kwa dakika 10, ipoe, uitie. Hamira iliyokufa ni chakula kizuri kwa iliyo hai. Zabibu kavu kumi na mbili ambazo kila video inazisifia hazilishi kitu.

Kwa hiyo nenda dukani kwa vile ambavyo jicho na mkono wako vinatosha kuvikagua: ndoo mpya ya plastiki ya chakula (tafuta alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5 chini yake), mpira wa kuhamishia mvinyo, sukari, rozela, chupa, na mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01. Ndoo ya rangi na dumu la kemikali usichukue hata likioshwa mara saba, kwa kuwa plastiki inafyonza. Agiza haidromita, hamira ya mvinyo, DAP ya chakula na metabisalfaiti, zote kwenye pakiti za kiwandani. Duka la mtaani kwako likiwa nazo zimefungwa na zina tarehe, nunua hapo. Mtu unayeweza kumrudishia bidhaa mkononi ana faida yake. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanafundisha usindikaji mikoani, na ukianza kufikiria kuuza, nenda kwao na TBS, shirika la viwango, kabla ya kununua chupa za kuuzia.

Nimeiacha mwisho dawa ya kupandisha kilevi, na hii ninawaambia wote wanaosoma. Hakuna dawa ya namna hiyo. Kilevi cha mvinyo kinatoka kwenye sukari iliyoliwa na hamira, basi. Kinachouzwa kwenye chupa isiyo na jina ni spiriti, na muuzaji hawezi kukwambia kama ni ethanoli, yaani kilevi cha kawaida cha kunywa, au methanoli ya viwandani, ambayo ni sumu. Zinafanana rangi, harufu na ladha. Uchachushaji wa kawaida wa matunda hutoa methanoli kidogo sana, isiyodhuru. Vifo vinatokea mtu anapoimimina kutoka kwenye pipa. Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Uganda, 2010, waragi wenye methanoli uliua zaidi ya watu 80, wengi wao huko Kabale.

Wapo wanaofundisha kuiwasha kwenye kijiko: ikitoa mwale wa bluu ni salama. Msiwasikilize. Methanoli nayo inawaka bluu, na mchanganyiko wa hizo mbili unawaka vile vile. Kipimo hicho kimewapeleka watu kaburini wakiwa na uhakika. Kuichemsha ili “sumu ipae” nako hakusaidii, kwani methanoli haitoki yote peke yake ikaacha ethanoli safi nyuma.

Mililita 10 za methanoli zinaweza kupofusha mtu mzima, na 30 zinaweza kumuua. Anayekunywa analewa kama kawaida, analala, na madhara yanakuja saa 12 hadi 24 baadaye, ini likishaigeuza kuwa asidi ya fomiki: kichwa, kutapika, kuhema kwa kasi, macho kuona ukungu au weupe kama theluji. Watu wanadhani ni hangova wanamwacha alale. Asiachwe. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na chupa aliyokunywea, hata ikiwa imebaki tone, iende naye.