Mama anapaliwa na chai, altrasaundi ya shingo ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 62, alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Kutembea anatembea, lakini sauti imekauka, kama ananong'ona, na chai inampalia kila asubuhi. Kamera ya kupitia puani aliikataa katakata, akaambiwa basi apigwe altrasaundi shingoni. Hicho si kipimo cha wajawazito?
Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Si cha wajawazito peke yao. Mama atalala chali, tutampaka jeli shingoni (ni ya baridi, wengi hushtuka hapo tu), kisha kifaa kinawekwa juu ya kikoromeo. Nyuzi za sauti huonekana kwenye skrini kama paa la kibanda. Akivuta pumzi zinaachana, akisema "iii" zinakutana. Uliopooza unaujua mara moja: mwenzake anakuja, wenyewe umekaa tu. Kiharusi kikipiga shina la ubongo, neva ya upande mmoja hukosa amri, nyuzi hazifungi sawasawa, pumzi inavuja na sauti inakwenda nayo.

Kwa mwanamke huwa napata picha nzuri. Wanaume wazee ndio kazi: gegedu la kikoromeo limeshakuwa gumu kama mfupa, mawimbi hayapenyi. Mzee mmoja nilihangaika naye robo saa nzima, kiza kitupu. Akarudishwa kwenye kamera.

Ila kwenye barua yako kilichonishtua ni chai. Altrasaundi hii itatuonyesha uzi unacheza au hauchezi, haitatuonyesha chai inakoishia. Mtu anaweza kuiingiza mapafuni bila hata kukohoa, baadaye mnamkuta na nimonia. Ombeni apimwe na umezaji. Kwa sasa anywe ameketi wima, funda dogo dogo, na msimsemeshe akiwa na kitu mdomoni. Akipaliwa hata hivyo, msimlazimishe, mrudisheni kliniki msingoje tarehe. Homa ikipanda, au akivuta pumzi kwa mlio, ni hospitali usiku huo huo.

Na hiyo kamera, ambayo bado ndiyo kipimo chenyewe hasa, mrija wake ni mwembamba kuliko penseli, na pua hutiwa ganzi kwanza. Hebu muulize mama alidhani ina ukubwa gani.